Kaseti Iliyoua Vaurelac

Nyinyi vijana mlinijia nyumbani, mkakaa kwenye kochi langu, mkanywa chai yangu, mkaniomba niandike mambo ya kazi ya uchinjaji kwa ajili ya kijarida chenu. "Andika lolote, Anko Haruni," mkasema, "ila usitaje majina ya watu." Kwa hilo mmekosea nyumba. Mimi shule niliiacha darasa la nne, na sijui kueleza jambo bila kusema nani kalifanya. Aliyelifanya ni Badru Chatoo. Aliyemsaidia ni Sidiki Manjothi. Haya, nimeshawataja, sasa tuzungumze.

Chatoo mnamjua. Picha yake mmeitundika ukumbini mnakofanyia harusi, kavaa suti, kachana ndevu. Nyama mnayokula humo ni yake. Mimi nikialikwa nala chapati na kachumbari, na wake zenu hunionea huruma wakidhani nina presha. Sina presha. Nina macho, na niliona.

Kuna kijiji Ufaransa kiitwacho Vaurelac. Kule kila kijiji, hata kiwe kidogo vipi, kina meya wake, ofisi yake na bendera yake. Hiki kiko milimani, mbali na kila kitu, mawe na kondoo, barabara moja inapanda na hiyo hiyo inashuka. Nilipofika mara ya kwanza watu wake hawakufika mia mbili. Leo ukienda utakaribishwa na paka. Na hakikupigwa na vita wala tetemeko la ardhi. Kijiji kile kiliuliwa kutoka hapa Walthamstow, London, katika chumba cha nyuma cha duka la nyama, na mimi nilikuwemo chumbani.

Kwanza mjue tulikuwa nani. Mimi ni Mkachi, Mhindi wa Mombasa niliyekulia Kampala. Babangu alikuwa na bucha sokoni Nakasero. Mwanajeshi yule aliyeitawala Uganda alipotufukuza sisi Wahindi, tukaletwa huku, na kutoka uwanja wa ndege tukapelekwa moja kwa moja kwenye kambi ya zamani ya jeshi, mabanda ya mabati, upepo unapita ndani kama uko kwao. Wenyeji walitupokea vizuri, sitawasingizia. Wakatupikia nyama ya makopo. Mamangu akaitazama sahani, akauliza, "Kachinja nani?" Hakuna aliyejua. Basi mamangu akala mkate na mayai ya kuchemsha, asubuhi mayai, jioni mayai, mpaka baridi ikaisha. Akasema akipewa yai jingine ataatamia.

Nyinyi mnaingia dukani mnaona neno "halali" linawaka kwa taa ya kijani, mnanunua. Sisi neno lile lilikuwa ni mtu. Wamjua mchinjaji, wamjua na babake, unakula. Humjui, huli.

Chatoo alilijua hilo vizuri. Kampala alikuwa akiuza spea za baiskeli na sijapata kumwona kashika hata kuku, lakini akili ya biashara alikuwa nayo, hiyo simnyimi. Watu walikuwa wametoka makambini, wametapakaa, wengine Kenton, wengine huku Walthamstow, na kila nyumba inaulizia nyama. Akasikia huko Ufaransa kuna machinjio madogo, mali ya kijiji, yanataka kufungwa kwa kukosa kazi. Akaja kwetu.

"Haruni, we mtoto wa bucha," akaniambia. "Watu nyama wanaitaka, lakini hawataki jina langu, wanataka la babako. Utakwenda Ufaransa?"

"Kifaransa sikijui, bwana."

"Kondoo nao wala hawaulizi."

Mamangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu kambini. Kisha akanigeukia. "Nenda," akasema. "Lakini kila tonge nitakalokula, na watakalokula hawa wote, liko shingoni mwako. Umesikia?"

Nilisikia. Kauli hiyo ndiyo iliyonipa kazi, na ndiyo iliyonitoa kazini.

Vaurelac nilimkuta Fernand, mchinjaji wao, mzee mnene mwenye viganja kama sinia. Wa pili alikuwa Madame Odette, meya, ambaye pia ndiye mwenye mkahawa, kwa hiyo ukitaka serikali au ukitaka kahawa unagonga mlango ule ule. Asubuhi ya kwanza walikuja wote wawili kunitazama, na nusu ya kijiji nyuma yao. Sasa, kwetu Mombasa na Kampala kibla ni kaskazini. Tangu nianze kazi kichwa cha mnyama nakigeuzia kaskazini, na mkono ukishazoea hauulizi. Nikawageuza kondoo wa watu, mmoja baada ya mwingine, kaskazini barabara. Fernand akamnong'oneza Madame Odette, watu wakaangua kicheko. Baadaye ndipo nikaelezwa alichosema: "Mbona anawaelekeza London? Kwani wanamuaga malkia?"

Nilipotambua nilitamani niingie kwenye ndoo. Kuelekea kibla ni sunna, nyama haikuharibika, lakini mtoto wa bucha mzima! Nikamchorea Fernand kwa chaki nikijaribu kumweleza Makka iko wapi. Akaenda shule kumwuliza mwalimu, wakatazama ramani, na kesho yake nikakuta mshale umechorwa sakafuni unaoelekea kusini mashariki. Chaki ikawa inafutika kwa maji. Akachukua patasi akauchonga kwenye jiwe. Tangu hapo nikijisahau kidogo ananipigia kelele, "Mshale, Haruni! Mshale!" Yule mzee hajapata kuingia msikitini maishani mwake, na alinilindia kibla changu kuliko mtu yeyote niliyeswali naye London.

Kwa kuwa mliomba mambo ya kazi, nitawapa. Kisu unakijaribu kwenye ukucha wako. Kikikwaruza, kinoe tena, na usikinoe mbele ya mnyama. Mnyama mmoja asione damu ya mwenzake. Hayo nilikwenda nayo mimi, na Fernand akatundika pazia zito katikati ya chumba, akasema angekuwa na akili angelitundika tangu ujanani. Yeye naye akanifundisha yake. Usimshike kondoo manyoya, kwa sababu ukimvuta manyoya nyama inavia damu pale chini, na mwenye macho ataiona. Mshike kidevuni na kwenye paja, atakwenda nawe kama mkwe. Aliyetoka garini mwache apumzike, anywe maji, roho yake itulie. Na ngozi haitolewi kwa kisu. Kisu kinafungua njia tu, halafu unaingiza ngumi kati ya ngozi na nyama, unasukuma polepole, mkono umelowa maji, na ngozi inatoka nzima kama unamvua mtoto sweta. Mimi Kampala nilikuwa nachuna kwa kisu na kutoboa ngozi za watu. Fernand alikuwa akizinyanyua ngozi zangu dhidi ya dirisha, anatazama jua kupitia kwenye matundu. "Usiku mwema," ananiambia saa tatu asubuhi. "Naona nyota."

Mtaniuliza nguruwe. Walikuwepo, ndiyo, kile ni kijiji cha Ufaransa. Madame Odette aliwahamishia kwenye ghala la zamani karibu na kanisa, mbali kabisa na kwetu, na wakulima waliponung'unika aliwajibu pale pale mkahawani: "Mnataka nguruwe wachinjwe karibu, au mnataka watoto wenu wasome karibu? Chagueni."

Kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Vaurelac kulikuwa na shule ya chumba kimoja, na serikali ilikuwa imeshawaambia watoto wakipungua tena itafungwa. Na wao walijua mwisho wake. Shule ikifungwa, mama mwenye mtoto anahama. Akihama, mwoka mikate anafunga. Mkate ukikosekana, wazee nao wanapelekwa mjini na watoto wao, na pale wanabaki kunguru. Machinjio ndiyo yaliyokuwa yanaajiri, na oda ya London ndiyo iliyokuwa inayaendesha machinjio. Tulipoanza kazi, vijana waliokuwa wamehamia mijini wakaanza kurudi na wake zao. Nyumba iliyokuwa na majani mlangoni ikatoa moshi. Madame Odette alikuwa anasimama dirishani mwa mkahawa asubuhi kutazama watoto wakipita kwenda shule, na midomo yake inahesabu.

"Haruni," akaniambia siku moja, "lete mkeo huku. Nataka watoto wawili."

"Mtoto ninaye mmoja tu, Madame."

"Basi unafanya nini hapa kwangu? Rudi London ukafanye bidii."

Miaka ikapita hivyo. Nilikuwa nakaa Vaurelac majuma, narudi London na lori la nyama, nalala, nambeba mwanangu, naondoka tena. Nyumba za watu wetu zilikuwa zinakula. Mamangu alikuwa anaionja ya kwanza, anafumba macho, anasema, "Hii imechinjwa na mtu."

Halafu Chatoo akaniita kwenye kile chumba cha nyuma.

Mezani palikuwa na redio ya kaseti. Alikuwa amepata kiwanda kikubwa karibu na bandari, kondoo wananing'inia kwenye mnyororo unaokwenda wenyewe, kuku vile vile, na kisu ni gurudumu linalozunguka. Alikuwa amefurahi kama mtu aliyepata mtoto.

"Kaa, Haruni. Hebu sema hapa Bismillahi Allahu Akbar. Taratibu, sauti nzuri. Sema mara nyingi nyingi."

"Kwa nini?"

"Tunairekodi. Kule kiwandani itakuwa inapigwa kwenye spika, mashine inakata. Watu wanakujua. Nitawaambia hii sauti ni ya Haruni mtoto wa bucha, na sitakuwa nimesema uwongo."

"Na mimi mwenyewe nitakuwa wapi?"

"Popote! Kitandani kwako! Ndiyo uzuri wake."

Nikaitazama ile redio. Nikamwuliza, "Hii imetawadha?"

"Usiniletee mambo ya kizee, Haruni. Watu wameongezeka, wewe una mikono miwili."

"Weka wachinjaji kumi. Wapo, wanafagia viwanja vya ndege."

"Wachinjaji kumi wanakula. Kaseti haili."

"Na Vaurelac?"

Akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka. Kumbukeni, miaka yote ile hakuwahi kukanyaga pale. "Vaurelac ni nini?" akasema. "Mawe na vikongwe. Watapata kitu kingine."

Mimi nilikuwa nimeshawahi kuambiwa hivyo. Kampala, kwenye foleni ya kuondoka, askari mmoja alimwambia babangu maneno hayo hayo: nyinyi Wahindi mtapata kitu kingine. Na Chatoo alikuwa kwenye foleni ile ile, nyuma yetu, kashika begi lake kifuani. Aliyasikia. Ndiyo maana namchukia mtu huyu. Angekuwa mtu ambaye hakuonja, ningesema hajui.

Nikamwambia achukue kaseti yake na mashine yake azifungishe ndoa, lakini sauti yangu hapati. Nikatoka.

Nilikuwa mjinga bado. Nilidhani kuna wazee. Nikaenda kwa Sidiki Manjothi, katibu wa kamati ya msikiti, nikamweleza kila kitu. Akanisikiliza, akanipa biskuti. "Haruni," akasema, "umeme nao si neema ya Mwenyezi Mungu?" Nikamwuliza ni sheikh gani aliyesema kaseti inachinja. Akasema yupo, mkubwa, nchi za nje. Nikamwambia nipe jina lake. Akaniongezea biskuti.

Ijumaa, baada ya swala, nikasimama mbele ya watu. Sijui kusema mbele ya watu. Nikasema jamani, mnakotaka kupelekwa, Bismillahi itasemwa na ukuta, na mtakula kibudu kilichopachikwa jina la halali. Sidiki akachukua maikrofoni, akatabasamu. "Ndugu yetu Haruni anatetea kibarua chake," akasema. "Tumwombee." Watu wakacheka. Watu ambao niliwalisha, ambao walikuwa wanamwuliza mamangu njiani, "Kijana karudi? Nyama imefika?" wakacheka. Halafu ikatangazwa kwamba ndugu Badru Chatoo anautolea msikiti zulia jipya. Zulia lilikuwa zuri, sikatai. Nyinyi nyote mlijifunzia kutambaa juu yake.

Sauti ya kwenye kaseti, mkitaka kujua, ikawa ya Sidiki mwenyewe. Mtu aliyekuwa anafumba macho mkewe akikata samaki. Nilielezwa na dereva wa lori, Mwingereza wa watu, aliyeanza kuchukua mizigo kile kiwandani. "Haruni," akaniambia, "yule bwana wenu wa msikitini analia kutoka ukutani kutwa nzima, na mkanda umechakaa, sasa ana sauti ya ng'ombe." Siku moja, akasema, mkanda ulikatika asubuhi na hakuna aliyegundua. Mashine ikaendelea kukata mpaka watu wa shifti ya jioni walipoingia na kushangaa mbona kimya. Nyama ile haikutupwa. Ililetwa hapa, mkaifanyia harusi.

Nilimweleza mamangu. Alikuwa jikoni, sufuria iko motoni. Akazima jiko, akaimwaga nyama yote, akakaa kitako. "Haya," akasema. "Chemsha mayai."

Basi ikabaki kwenda Vaurelac. Lori la London lilikuwa limeacha kwenda bila neno, na wao walikuwa wamewatoa kondoo malishoni, wamewaosha miguu, wanangoja barabarani. Chatoo hakupiga hata simu. Nikapanda meli, nikapanda treni, nikapanda gari la maziwa, kwa sababu mambo mengine hayasemwi kwa mbali. Madame Odette alikuwa dirishani. Hakunipa salamu.

"Tumekosea nini?" akaniuliza. "Ni ule mshale? Mwalimu aliupima vibaya?"

"Mshale uko sawa, Madame."

"Ni nguruwe? Mtu kamrudisha nguruwe? Niambie ni nani, nitamshughulikia leo hii."

"Hamkukosea kitu."

"Basi huyo bwana aje aniambie mwenyewe kwamba hatukukosea."

Ningemletea Chatoo kwa kumburura kama ningeweza. Fernand aliuliza kwa nini. Nikamweleza kaseti. Ilibidi nimweleze mara ya pili, kwa sababu alidhani Kifaransa changu kimeniangusha. Mwishowe akaelewa. Akaenda nyuma ya pazia lake, nikasikia anafagia sakafu iliyokuwa safi.

Walihangaika, msidhani walikaa. Madame Odette alizunguka mji hadi mji kutafuta oda nyingine. Lakini kila mahali kulikuwa na Chatoo wa pale na mnyororo wake. Vijana walikuwa wa kwanza kuondoka, na wake zao, na watoto wao, na dirishani midomo ya meya ikawa haina kazi. Serikali ikaifunga shule ya chumba kimoja mwishoni mwa mwaka wa masomo. Mimi London nilipata kazi ya kufua mashuka hospitalini, nikaifanya mpaka bega likakataa kunyanyuka, ndiyo maana mnaniona nimestaafu na ndevu bado nyeusi. Lakini kiangazi kile shule ilipofungwa nilikwenda tena Vaurelac, kwa nauli yangu, kwa sababu nilisikia wanahama na hawajui kuhama.

Nyinyi mnacheka, mnadhani kuhama ni kubeba. Watu wale walikuwa pale tangu mababu wa mababu, hakuna aliyepata kufunga nyumba. Nilimkuta mama mmoja anafunga vikombe vya maonyesho kwa magazeti, kimoja kimoja, na blanketi za watoto kaziacha uani. Nikamnyang'anya magazeti. Nikawa naingia nyumba hadi nyumba kama mtu wa serikali. Chukueni sufuria nzito, nikawaambia, kwa sababu usiku wa kwanza ugenini mtataka chakula kinachonuka kama cha nyumbani. Chukueni mto wa mtoto, na usiufue. Chukueni picha, zitoeni kwenye fremu. Kabati acheni, kabati linavunja mgongo na halifariji mtu. Vyeti vikae mwilini. Na aliyelia aachwe amalize kabla ya kufunga mlango, asije akalia njiani na dereva ni mgeni. Walikuwa wananisikiliza kama walivyokuwa wanamsikiliza daktari.

Fernand alikuwa wa mwisho. Mwanawe alikuja kumchukua kumpeleka kwenye fleti mjini, ghorofa ya juu. Visu vyake nilivifunga mimi mwenyewe kwa kitambaa cha mafuta. Kitanda tulikishusha pamoja, yeye mbele, mimi nyuma, na bega langu lilikuwa bado bega. Akasimama mlangoni akiangalia vilivyobaki: gogo la kukatia nyama, meza, kabati, viti.

"Nyinyi kule kwenu," akaniuliza, "vitu mlivyoacha mlivifanyaje?"

"Tulimwachia jirani. Mamangu alimwonyesha kila kitu kilipo, akamwambia tumia tu, usiviache vikae bure. Yule mama alilia kutushinda."

Fernand akageuka, akaitazama barabara juu, akaitazama chini. Milango yote ilikuwa imefungwa.

"Jirani yupi?" akasema.

Nikashika mguu wa kitanda upande wangu, tukakinyanyua, tukaendelea kupakia.